Wazee Wasio na Majina

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910. Aliyeipigania kuliko wote ni Gavana Albrecht von Rechenberg, Mdachi aliyewahi kufanya kazi za ubalozi Unguja na aliyekimudu Kiswahili vizuri. Walowezi hawakumpenda. Walitaka fedha na vibarua viende kwenye mashamba yao ya Usambara. Yeye alitaka reli ipasue katikati ya nchi, iwafikie wakulima wa Unyamwezi, walime na kuuza wenyewe. Mwaka huohuo, wakati mataruma yanatandazwa kuja Ugogo, Dar es Salaam ilikuwa na mazungumzo mengine kabisa. Gazeti la walowezi, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lilikuwa limedokeza kwamba gavana ana uhusiano wa kimapenzi na wanaume, Waafrika wakiwemo. Mhariri wake, Willy von Roy, akafikishwa mahakamani na kutiwa hatiani kwa kumkashifu gavana.

Ujerumani kwenyewe mambo hayakuwa shwari. Kati ya 1907 na 1909 magazeti ya Berlin yalijaa kesi za Philipp zu Eulenburg, rafiki wa Kaisari Wilhelm II, aliyetuhumiwa vilevile. Walowezi wa huku walikuwa wakisoma magazeti hayo, wakajifunza kwamba siri ya chumbani inaweza kumwangusha mkubwa ambaye hoja za siasa zimeshindwa kumtikisa. Mwanahistoria Heike Schmidt aliifukua kesi ya Rechenberg na kuiandikia makala ndefu mwaka 2008. Kesi yenyewe haikuthibitisha lolote kuhusu maisha ya gavana, nami sina haja ya kumhukumu marehemu. Aliondoka nchini, akawa mbunge katika Reichstag, akafariki mwaka 1935 akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Tarehe zake zote tunazo. Waafrika waliotajwatajwa katika uvumi ule, kama walijaliwa kuzeeka, walizeekea wapi? Kariakoo, Tabora, pengine Dodoma hapahapa. Hakuna aliyejisumbua kuandika.

Naikumbusha kesi hii kwa sababu kila mjadala wa mapenzi ya jinsia moja unapozuka nchini, hoja ya kwanza kusikika ni kwamba haya ni mambo ya vijana, yameletwa na simu na mitandao. Wasemao hivyo hawajiulizi swali jepesi: vijana wa miaka ya 1960 wako wapi leo? Kama walikuwepo, sasa ni babu na bibi, wana kadi za kliniki ya presha na wajukuu wa kutumwa dukani.

Na walikuwepo, wao na waliowatangulia. Mwaka 1899, miaka 11 kabla ya kesi ya gavana, jarida la Zeitschrift für Ethnologie la Berlin lilichapisha maelezo kuhusu wanaume na wanawake wa Unguja waliopenda watu wa jinsia yao. Yalitokana na Oskar Baumann, mchora ramani kutoka Austria aliyewahi kukata Umasaini hadi Ziwa Viktoria na baadaye akaishi Unguja. Maandishi yenyewe yana lugha ya daktari anayeelezea maradhi, tena yana dharau. Lakini ndani yake mna maneno ya Kiswahili yaliyokuwa yakitumika mitaani, na kwa mwanahistoria hilo ni ushahidi mzito. Watu huwa hawana maneno kwa kitu ambacho hawajakiona.

Pwani ina kumbukumbu nyingi kuliko bara. Sidhani kwamba pwani ilikuwa na watu wa namna hiyo wengi zaidi. Watafiti walishukia bandarini, wengi wakaishia hukohuko. Mmoja wao ni Gill Shepherd, aliyeishi Mombasa miaka ya 1970 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1987. Ni katika maandishi machache yanayogusa umri. Aliwakuta wanawake wenye mali, wengi wao waliokwisha kuolewa wakaachika au wakafiwa, wakiishi na wanawake wadogo kwao na kuwakimu. Walionekana harusini na ngomani, wakajulikana, na mji ukaendelea na shughuli zake. Kilichowalinda ni umri na pesa: mwanamke mtu mzima, mwenye nyumba yake, aliyetimiza ndoa ya kwanza kama ukoo ulivyotaka, hakuwa na mtu wa kumfokea. Binti wa miaka 20 asiye na kitu hakuwa na nafasi hiyo isipokuwa chini ya mbawa za mkubwa.

Ng'ambo ya bahari, katika mji wa Sohar nchini Oman, Unni Wikan wa Norway alikuta jambo jingine katikati ya miaka ya 1970. Wanaume waliojulikana kwa mwenendo wa kike na kulala na wanaume walikuwa na mahali pao katika jamii, wakiruhusiwa hata kukaa na wanawake ambao mwanamume wa kawaida asingewasogelea. Lakini mahali pale palikuwa pa muda. Aliyeoa na kuthibitisha ndoa yake alihesabiwa mwanamume kama wengine. Aliyezeeka bila kuoa alihesabiwa mzee tu, basi. Uzee ulifuta yaliyopita. Niliposoma sehemu hiyo nilifikiri sana kuhusu kwetu, kwa kuwa uzee wa Kiswahili nao hufanya kazi hiyohiyo: mtu akishaitwa Mzee Fulani, hakuna anayemuuliza aliishije alipokuwa na miaka 25.

Bara tuna vipande vipande, na inafaa kuwa waangalifu navyo. Hapa Ugogo, mtafiti Peter Rigby aliandika mwaka 1968 kuhusu tambiko la kuondoa mikosi. Mvua ikigoma au ng'ombe wakipatwa na ugonjwa, wanawake walivaa mavazi ya wanaume, wakachukua zana za kiume, wakachunga ng'ombe na kucheza ngoma za kuitupilia mbali mikosi hiyo upande wa magharibi. Tambiko hilo halihusu mapenzi hata kidogo, na anayelifanya ushahidi wa ushoga analisingizia. Linachoonyesha ni kwamba wazee wetu walijua mipaka ya uke na uume inaweza kuvukwa, tena kwa faida ya kijiji kizima, kisha watu wakarudi majumbani mwao.

Kaskazini zaidi, kwa Wakurya wa Tarime, kuna nyumba ntobhu. Mwanamke mtu mzima, mara nyingi mjane au asiyejaliwa mtoto wa kiume, hutoa mahari ya ng'ombe na kumwoa mwanamke kijana. Watoto atakaowazaa kijana huyo kwa mwanamume wa nje huwa wa nyumba ya bibi. Wakurya wenyewe husema ni mpango wa urithi na matunzo, na sina sababu ya kuwapinga. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haiitambui, kwa kuwa inaitaja ndoa kuwa muungano wa mwanamume na mwanamke. Hata hivyo nyumba hizo zipo, na ndani yake mna wanawake wawili wanaozeeka pamoja. Huo ndio mfano pekee ninaoujua nchini ambapo bibi kizee anatunzwa na mwanamke mwenzake aliyemwoa, majirani wakijua na ukoo ukikubali.

Kizazi kilicho hai leo kina historia yake. Mtu aliyezaliwa mwaka 1949 alikuwa anakaribia miaka 20 Umoja wa Vijana wa TANU ulipoanza Operesheni Vijana, Januari 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia. Mavazi yakawa jambo la taifa. Miaka miwili baadaye ikaja Operesheni Dodoma, watu wakakusanywa kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika na kuwekwa vijijini, nyumba mstari mmoja. Tayari kulikuwa na balozi wa nyumba kumi, aliyejua nani kalala wapi na mgeni wa nani kafika lini. Katika maisha ya namna hiyo mtu hafichi kwa kujificha. Anaficha kwa kuoa, kuzaa, kulima na kuhudhuria misiba. Siri ya mtungi aijuaye kata, na walioijua walinyamaza alimradi mhusika anatimiza wajibu wake.

Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja katika orodha ya magonjwa; Shirika la Afya Duniani lilifuata mwaka 1990. Katika mji wenye Mirembe, hospitali ya akili inayojulikana nchi nzima, habari hiyo ilistahili kusikika zaidi ya ilivyosikika.

Sheria ilikuwepo muda wote. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika walianza kwa kutumia kanuni ya adhabu ya India ya mwaka 1860, kisha mwaka 1930 wakatunga ya Tanganyika. Kosa la kuingiliana "kinyume na maumbile" lilikuwa na kifungo cha hadi miaka 14. Mwaka 1998 Bunge, lililokuwa limeshahamishia vikao vyake Dodoma, lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, Namba 4 ya mwaka huo. Ilikuwa sheria iliyopiganiwa na wanawake dhidi ya ubakaji na ukatili kwa watoto, na ndiyo iliyoharamisha kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18, jambo lililowahusu moja kwa moja mabinti wa Ugogo na Singida. Ndani ya sheria hiyohiyo adhabu ya kosa lile la zamani ikapandishwa: kifungo cha maisha, na kisichopungua miaka 30. Mabinti walipata ngao waliyoistahili, na watu wazima waliokubaliana wenyewe wakawekwa kapu moja na wabakaji. Zanzibar nayo ilikaza sheria yake mwaka 2004 na kuwataja wanawake waziwazi. Waingereza wenyewe walikuwa wameshalegeza kosa hilo huko England na Wales mwaka 1967, kwa watu wazima waliokubaliana faraghani. Mahakama ya Juu ya India iliwafuata mwaka 2018.

Mzee aliyezaliwa 1949 alikuwa na miaka 49 sheria hiyo ilipopita. Ujana wake wote ulikuwa chini ya kifungo cha miaka 14; utu uzima wake ukawa chini ya kifungo cha miaka 30.

Yaliyofuata bado yako kichwani mwa wasomaji wengi. Februari 2017 serikali ilisitisha huduma za Ukimwi kwa makundi maalumu katika vituo 40, na Naibu Waziri wa Afya wa wakati huo, Hamisi Kigwangalla, akatishia kuchapisha orodha ya majina kabla ya kuachana na wazo hilo. Oktoba 2018 Paul Makonda, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wapeleke majina. Wizara ya Mambo ya Nje ikajitenga na kauli hiyo siku chache baadaye. Angalia kinachotafutwa kila mara: majina. Watu waliokwepa kuandikwa kwa miaka 50 walikuwa wakitishiwa kuandikwa sasa, na si na mwanahistoria.

Watatu wanaojulikana kwa majina Afrika Mashariki wana jambo linalowaunganisha. Mwimbaji Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, alifariki mwaka 1991 akiwa na miaka 45, kwa Ukimwi. Mwanaharakati David Kato wa Uganda aliuawa nyumbani kwake Januari 2011 akiwa na 46. Mwandishi Binyavanga Wainaina wa Kenya, aliyejitangaza hadharani Januari 2014, alifariki Mei 2019 akiwa na 48, baada ya kuugua kiharusi. Vifo vitatu, sababu tatu tofauti, na hakuna aliyefikisha miaka 50. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Unguja kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwa Mercury ilifutwa baada ya kikundi cha Kiislamu cha Uamsho kuipinga. Hata uzee wa kufikirika haukuruhusiwa.

Kwa hiyo tuna wenye majina ambao hawakuzeeka, na waliozeeka ambao hawana majina. Wanaharakati wengi husema kujitokeza ndiyo njia ya ukombozi. Kwa kijana wa Nairobi huenda. Kwa mzee wa Kondoa au Manyoni mwenye watoto waliooa, shamba la alizeti na kiti chake kanisani au msikitini, sioni ni nani mwenye haki ya kumdai hivyo. Ukimya wake ulimfikisha alipo. Lakini ukimya huo una bei, na bei yake huja uzeeni. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na ilitaka atunzwe kwanza na familia na jamii. Mtu aliyeshindwa kuoa, au aliyefukuzwa na nduguze kwa sababu hii, familia hiyo hana. Akiugua maradhi ambayo yatamlazimu amweleze tabibu maisha yake, atachagua kunyamaza. Akifika kwenye makazi ya wazee, atalala chumba kimoja na watu ambao hawezi kuwasimulia alimpenda nani.

Kuna kazi moja inayoweza kufanyika bila kumhatarisha yeyote na bila kungoja Bunge. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inajua maana ya kufunga jalada: nyaraka za serikali huwekwa miaka 30 kabla ya kufunguliwa kwa umma. Wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wenzao wa Dar es Salaam wanaweza kuazima utaratibu huo. Wawahoji wazee wanaokubali, waondoe majina, vijiji na koo, wafunge masimulizi hayo kwa miaka 30 au 50, na wayaweke mahali ambapo polisi wala mwanasiasa hawezi kuyagusa. Kijana wa mwaka 1969 leo ana zaidi ya miaka 75. Atakayeanza kazi hiyo aanze mwaka huu.