Santuri ya 1923 na sauti zilizosukumwa nyuma

WENGI wetu tukisikia neno ‘jazi’ humkumbuka Louis Armstrong. Lakini je, wajua kwamba aliporekodi kwa mara ya kwanza alisimamishwa nyuma ya wenzake?

Ilikuwa Aprili 5, 1923 mjini Richmond, jimbo la Indiana, Marekani. King Oliver alikuwa amesafiri kutoka Chicago na bendi yake, Creole Jazz Band, kwenda kurekodi katika studio ya Gennett. Studio hiyo ilikuwa kwenye kiwanda cha piano, kando ya reli. Garimoshi likipita, kazi husimama!

Enzi hizo hakukuwa na maikrofoni studioni. Wanamuziki walipiga wakielekea pembe kubwa iliyokusanya sauti na kuitikisa sindano, nayo ikachora mifuo kwenye nta. Kishindo kikizidi, sindano huruka na kuharibu kazi yote. Basi Baby Dodds akaiacha ngoma yake kubwa, akagonga vibao vya mbao. Bill Johnson, mpigaji besi, akashika banjo. Naye kijana Armstrong, ambaye koneti yake ilifunika ya mkubwa wake Oliver, akatengwa mbali na pembe. Lil Hardin, mpiga piano na mwanamke pekee katika bendi, alisimulia baadaye jinsi Armstrong alivyoonekana mnyonge kule nyuma. Wawili hao walioana mwaka uliofuata, na ni Lil aliyemhimiza atoke kwenye kivuli cha Oliver.

Ikumbukwe kuwa santuri ya kwanza ya jazi ilitolewa 1917 na bendi ya Wazungu, Original Dixieland Jazz Band, ilhali waliouasisi muziki huo hasa ni Waamerika weusi wa New Orleans. Anayetegemea tarehe za santuri pekee atawapa sifa wasiostahili.

Kwa hivyo, santuri ni shahidi, ila ushahidi wake umechujwa mara mbili: na mtambo, na aliyeamua nani aingie studioni. Oliver mwenyewe alifariki 1938 mjini Savannah akiwa fukara.

Nasi tusikilizapo santuri kuukuu za Shirati Jazz, bendi iliyobeba jina la jazi huku ikipiga benga, tujiulize pia: ni nani aliyesimama mbali, asisikike?