Nchi Isiyo na Kamati

Mwanariadha aweza kuwa na mbio za kuwashinda wengi, na bado asifike popote endapo nchi yake haina chombo cha kumwandikisha. Jambo hilo lilimfika Dieudonné Kwizera wa Burundi, mkimbiaji wa mita 800. Michezo ya Olimpiki ilifanyika Seoul mwaka 1988, ikafanyika Barcelona mwaka 1992. Mara zote mbili Kwizera alibaki nje, kwa kuwa Burundi haikuwa na Kamati ya Taifa ya Olimpiki inayotambuliwa na ulimwengu. Ilitambuliwa mwaka 1993, mwaka ule ule alipouawa Rais Melchior Ndadaye na nchi ikaingia vitani.

Burundi ilipokwenda Atlanta mwaka 1996 kwa mara ya kwanza, Kwizera alikwenda akiwa mwalimu wa wakimbiaji. Kwa mtu aliyesubiri miaka yote hiyo, cheo hicho kilikuwa heshima chungu.

Hapo ndipo Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, alipofanya jambo ambalo wanamichezo wachache hulithubutu. Alikuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa mita 1500 duniani, na mwaka 1995 alitwaa medali ya shaba katika mbio hizo huko Gothenburg. Alimwachia Kwizera nafasi yake, naye akajiandikisha katika mita 5000, mbio ambazo alikuwa hajazizoea.

Wakati huo nyumbani mambo yaliharibika zaidi. Tarehe 25 Julai Meja Pierre Buyoya alitwaa madaraka kwa mapinduzi, na tarehe 31 nchi jirani zilizokutana Arusha zikaamua kuiwekea Burundi vikwazo. Kwa wananchi wa mwambao wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kabezi hadi Rumonge na Nyanza-Lac, siku zile zilikuwa za hofu.

Tarehe 3 Agosti Niyongabo alichomoka katika mzunguko wa mwisho, akamaliza kwa dakika 13, sekunde 7.96, akimtangulia Paul Bitok wa Kenya kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Mpaka leo hiyo ndiyo dhahabu pekee ya Burundi katika Olimpiki. Medali ya pili, ya fedha, ilingoja miaka 20, hadi Francine Niyonsaba alipoipata Rio de Janeiro.

Kwizera hakuvuka mchujo wa kwanza wa mita 1500. Alikimbia, hata hivyo, akiwa amevaa rangi za Burundi.