Mpigapicha na kampuni ya matangazo: ushirika au ujira?

Tuseme kijana wa Hamugembe, Bukoba, anapiga picha za kahawa. Kampuni ya matangazo inazisanifu na kumuuzia mwenye kiwanda. Wamekubaliana kwa mdomo tu: "Tutagawana mteja akilipa."

Ushirika ambao mtaji wake ni kazi tu huitwa shirkatul-abdan. Mahanafi na Mahanbali wanaujuzisha. Wamaliki pia, kwa masharti. Katika madhehebu ya Imam Shafii, yanayofuatwa na wengi visiwani, hausihi, kwa kuwa hakuna ajuaye mwenzake atachuma kiasi gani.

Njia ya salama ni ijara, yaani kuajiriwa kwa kazi inayojulikana. Waandike idadi ya picha, siku ya kuzikabidhi, ujira kwa shilingi, tarehe ya malipo na nani atamiliki picha. "Mteja akilipa" si tarehe. Surat al-Baqara, aya ya 282, imeagiza deni la muda maalumu liandikwe.

Na ikiwa kazi imeshafanyika bila masharti hayo? Haki ya kijana haipotei: hulipwa ujira wa mfano, yaani kile anacholipwa mwenziwe kwa kazi kama hiyo.

Wallahu aalam.