Kabla Hujachora Neno la Kigiriki Mkononi



Kila msimu wa harusi ukikaribia tunaulizwa swali hili. Bibi harusi anataka neno dogo la Kigiriki cha kale, la mapenzi au la ushindi, lichorwe tatuu kwenye kifundo cha mkono. "Si msalaba wala sanamu," hutwambia, "ni neno tu."

Hukumu ya dini tunaijua. Mtume (s.a.w.) amemlaani mwanamke mwenye kuchora tatuu na mwenye kuchorwa, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Leo tuitazame historia, kwani Wagiriki wenyewe wangelishangaa kumuona bibi harusi na neno hilo mwilini.

Kwao, alama ya sindano na wino iliitwa stigma, kutokana na kitenzi chenye maana ya kudunga. Ilikuwa alama ya aibu. Mtumwa aliyetoroka akikamatwa alidungwa maandishi, mara nyingi kwenye paji la uso, ili kila atakayemuona amjue. Mwanafalsafa Plato, katika kitabu chake cha Sheria, alipendekeza mtumwa au mgeni aliyeiba vitu vya hekaluni aandikwe kosa lake usoni na mikononi. Majirani zao wa Thrace ndio walioona michoro ya mwili kuwa ni dalili ya ukoo bora.

Herodotus anasimulia kisa cha Histiaeus, karibu mwaka 499 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Alimnyoa mtumwa wake kichwa, akamdunga ujumbe wa siri wa kuanzisha uasi, akangoja nywele ziote, kisha akamtuma Miletus. Mtu mzima amegeuzwa karatasi ya barua! Hata katika karne ya 9, mfalme Theophilos wa Constantinople, mji ambao leo ni Istanbul, aliamuru watawa wawili ndugu kutoka Palestina wadungwe mistari ya mashairi usoni, kuwaadhibu. Waliitwa Graptoi, yaani walioandikwa.

Sisi wa visiwa hivi, ambavyo soko lake la watumwa lilifungwa mwaka 1873, hatuhitaji kuelezwa maana ya mtu kuwekewa alama na mwengine.

Na hayo maneno yenyewe? Eros, mapenzi, ni jina la mungu wao. Nike, ushindi, ni mungu wao wa kike. Agape, ambalo wengi hulipenda, ni nadra sana katika vitabu vya Wagiriki wa kale. Lilienea kupitia maandiko ya Wakristo, na likawa pia jina la karamu yao ya ibada. Kwa hiyo bibi harusi anayesema "ni neno tu" huenda amebeba jina la mungu wa watu wengine mpaka kaburini.

Mabibi zetu walituachia hina na piko. Somo anakaa na mwari usiku kucha, maua yanapanda kutoka vidoleni hadi viwikoni, mikono inanukia, na baada ya wiki chache inarudi kama alivyoiumba Mola. Uzuri huo haumfungi mtu.

Kwako dada ambaye tayari unayo: mlango wa toba uko wazi. Usiache kusali kwa kuona haya. Nenda kwa shekhe unayemuamini, umuulize kuhusu udhu wako na kama ulazimike kuifuta, hasa ikiwa kuifuta kutakudhuru. Na sisi wengine, tukimuona ukumbini, tusimnyooshee kidole. Neno stigma ndilo wanalolitumia Wazungu hadi leo kwa kile tunachokiita unyanyapaa. Alama moja inamtosha, tusimuongezee ya pili.