Kughushi, bandia na feki

Kinachoitwa “forgery” katika sheria za Kiingereza, Tanzania hukiita kughushi. Kifungu cha 333 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinasema ni kutengeneza hati ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Mwombaji wa kazi katika kiwanda cha Chang'ombe akiandika kwenye barua kwamba ana diploma ilhali hana, amesema uongo, lakini hajaghushi: barua ni yake na sahihi ni yake. Akikwangua jina kwenye cheti cha nduguye na kuandika lake, ameghushi. Akikipeleka kwa mwajiri, anaongeza kosa la pili, la kuwasilisha hati ya uongo.

Asili ya neno kughushi ni Kiarabu, na zamani lilibeba pia maana ya kuchanganya kizuri na duni, kama maziwa kutiwa maji. Maana hiyo sasa imechukuliwa na kuchakachua, lililovuma mnamo 2010, wakati dizeli ilipokuwa ikitiwa mafuta ya taa yenye kodi ndogo. Kodi hiyo ilipandishwa 2011. Kufikia hapo watu walikwishaanza kusema hata kura zimechakachuliwa.

Bandia ndilo linalowatatiza zaidi wafasiri, kwa kuwa si lazima liwe na hila ndani yake. Meno ya bandia hayamwibii mtu. Noti bandia inamwibia. Feki daima ina hila. Fundi wa gereji ya Chang'ombe akiuliza kama filta ya oili ni orijino au feki, anachotaka kujua ni kama jina lililochapwa kwenye boksi ni la mtengenezaji kweli. Filta ya bei chee yenye jina la kiwanda chake yenyewe inaweza kuwa mbovu, lakini feki siyo.

Aprili 2017 Rais John Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti iliyotaja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mitaani vyote vikaitwa vyeti feki, na hapo tofauti muhimu ikapotea. Ripoti hiyohiyo ilionyesha vyeti 1,538 vilivyotumiwa na watumishi 3,076. Cheti kinachotumiwa na watu wawili chaweza kuwa halali kabisa, kimetolewa na Baraza la Mitihani na mhuri wake ni wa kweli. Cha uongo ni madai ya yule mmoja kwamba jina lililoandikwa ni lake, na istilahi inayomfaa ni kujifanya mtu mwingine.