Mtoto Akianza Kucheza: Kabla ya Picha, Nani Aliaminiwa?

Ukiingia kliniki ya Kenya na mimba ya miezi mitano, swali la kwanza ni la kalenda. Hedhi ya mwisho ilikuwa tarehe ngapi? Ukijibu "sikumbuki vizuri," nesi anashusha pumzi, anaandika kitu, halafu anakutuma ukapige picha. Shosho yangu angeuliza tofauti kabisa: ameanza kucheza?

Nataka tuongee kuhusu hilo swali la shosho, manake lina historia kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwa karne nyingi, na katika nchi nyingi, mimba haikuhesabiwa kuwa ya uhakika mpaka mama aseme amesikia kitu kikisogea ndani. Si daktari aseme, wala bwana. Mama. Na siku hiyo huangukia trimesta ya pili, ile miezi ya katikati ambayo kila mtu anakuambia ni "miezi rahisi". Rahisi kwa nani, tutafika.

Kwa wale hawajawahi kuwa huko: trimesta ya pili ni kama wiki ya 13 hadi ya 27. Mimba ikiwa ya kwanza, wengi husikia mtoto kati ya wiki ya 18 na 20. Aliyezaa mbeleni anaweza kusikia hata wiki ya 16, kwa sababu ashajua anatafuta nini. Na usitarajie teke la mpira. Mwanzoni ni kama gesi, ama kama samaki mdogo amejigeuza kwenye ndoo ya maji halafu akatulia. Unabaki umeshika tumbo ukijiuliza, hiyo ilikuwa nini?

Wanaume wa kale walikuwa na maoni mengi kuhusu hiyo "hiyo ilikuwa nini". Aristotle, Mgiriki, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba mtoto wa kiume husikika upande wa kulia karibu siku ya 40, na wa kike upande wa kushoto karibu siku ya 90. Siku ya 40 mtoto ni mdogo kama punje ya maharagwe, hakuna mama anayeweza kumsikia. Lakini enyewe, hiyo hesabu haijafa. Ingia matatu na tumbo uone venye utaambiwa jinsia ya mtoto kulingana na upande umebeba.

Huku kwetu Pwani, mtoto wa Kiislamu anafundishwa kwamba roho hupulizwa baada ya siku 120. Piga hesabu kuanzia mimba kutunga, ongeza zile wiki mbili ambazo kliniki huhesabu kuanzia hedhi, unapata wiki ya 19 hivi. Pale pale mama anapoanza kusikia mtoto. Sisemi dini ilinakili tumbo ama tumbo linathibitisha dini, hiyo si kazi yangu. Nasema tu kwamba mama wa Lamu akisema "mtoto amecheza", maneno yake yana uzito ambao mashine haijawahi kuupata.

Sasa twende mahakamani, manake huko ndiko nilishangaa kabisa.

Uingereza, kwa mamia ya miaka, mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa aliweza kusimama na kusema ana mimba. Mahakama haikuita daktari. Iliteua wanawake 12, watu wazima waliojua mambo ya uzazi, wakaingia naye kwenye chumba, wakamkagua matiti na tumbo, wakarudi na jibu. Swali halikuwa kama ana mimba tu. Swali lilikuwa kama mtoto ameanza kucheza. Wakisema ndiyo, kamba inasubiri mpaka azae. Mwanasheria William Blackstone, katika vitabu vyake vilivyoanza kutoka 1765, alieleza kwamba mbele ya sheria uhai huanza pale mtoto anapoweza kusogea tumboni. Yaani mfalme, jaji na mnyongaji, wote wanasubiri tumbo la mwanamke mmoja liseme.

Mfano unaojulikana zaidi haukutokea hata London. Mwaka 1720 huko Jamaica, Anne Bonny na Mary Read, wanawake wawili waliokamatwa na genge la maharamia wa baharini, walihukumiwa kunyongwa. Wote wawili wakasema wana mimba. Wenzao wanaume walinyongwa, hawa wakarudishwa jela. Mary Read alifia humo mwaka uliofuata, na Bonny hakuna anayejua vizuri alikoishia.

Uingereza iliondoa hilo baraza la wanawake mwaka 1931. Sheria mpya ikasema mwenye mimba hatahukumiwa kifo, atafungwa maisha, na mahakama yenyewe itaamua kama ana mimba kwa ushahidi utakaoletwa. Fungua sheria yetu ya makosa ya jinai, kifungu cha 211: mwanamke aliyepatikana na kosa la kifo akionekana ana mimba, hukumu yake ni kifungo cha maisha. Unaona hiyo nguo ilishonwa wapi. Sisi tuliletewa ikiwa tayari imetolewa wale wanawake 12.

Kabla mtu hajaniambia kwamba nasifu enzi za giza, hapana. Mama anaweza kukosea. Malkia Mary wa Kwanza wa Uingereza alisema mwaka 1554 kwamba amesikia mtoto. Mwezi wa Novemba makanisa ya London yakaimba nyimbo za shukrani. Tumbo likafura, chumba cha kujifungulia kikaandaliwa, susu ikaletwa. Mwezi wa Agosti 1555 ikabidi watu wafungashe kimya kimya. Hakukuwa na mtoto. Madaktari wote wa nchi hawakuwa na njia ya kujua, kwa hivyo malkia na mama mboga walikuwa sawa: kila mmoja ni shahidi wa tumbo lake, na hakuna wa pili.

Shahidi wa pili alipatikana Ufaransa. René Laennec alikuwa amevumbua kile kifaa cha kusikilizia kifua mwaka 1816. Mwaka 1821 daktari mwingine, Lejumeau de Kergaradec, alikiweka juu ya tumbo la mama mja mzito akitafuta sauti ya maji yakichapwa mtoto akisogea. Hakusikia maji. Alisikia mapigo ya haraka sana, ya haraka kuliko ya mama. Daktari mmoja wa Geneva, Mayor, alikuwa amegundua mapigo hayo kwa sikio tupu miaka mitatu mbeleni, ila Kergaradec ndiye aliona matumizi yake: sasa unaweza kujua mtoto yuko hai bila kumuuliza mama. Mwaka 1895 Adolphe Pinard akatengeneza kile kifaa kama tarumbeta ndogo, ambacho mpaka leo utakikuta kwa meza ya zahanati huku kwetu. Hakitaki stima, hakitaki chaji. Nakipenda sana hicho kitu.

Baadaye mambo yakaenda mbio. Miaka ya 1930 wanasayansi waligundua kwamba chura jike wa Afrika Kusini akidungwa mkojo wa mwanamke mwenye mimba, anataga mayai ndani ya siku moja. Vyura wakasafirishwa hadi Ulaya na Marekani kwa maelfu. (Ndiyo, kabla ya kale kajiti unakakojolea chooni, kulikuwa na chura, na chura mwenyewe alikuwa Mwafrika.) Halafu mwaka 1955 daktari Ian Donald wa Glasgow akabeba uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa, akauweka nyuma ya gari, akaupeleka kwa kiwanda cha Babcock & Wilcox kilichotengeneza boila. Walikuwa na mashine ya mawimbi ya sauti ya kutafuta nyufa kwenye chuma. Donald alitaka kujua kama inaweza kuona ndani ya nyama. Ikaona. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakachapisha picha kwenye jarida la The Lancet, na sasa kila mtu ana picha ya mtoto kwa simu.

Tumepata mengi. Picha huonyesha pacha mapema, huonyesha kondo la nyuma likiwa limekaa chini, hupanga tarehe vizuri. Na kuna vitu mama hawezi kusikia hata akiwa makini vipi. Ile presha ya mimba huanza baada ya wiki ya 20, na unaweza kuwa unacheka na marafiki huku namba kwa mashine zishapanda. Ukingoja kichwa kiume sana, macho yaone ukungu, uso ufure, umechelewa. Hapo shahidi ni mashine, na mimi nitanyoosha mkono nipimwe kila safari.

Shida yangu ni moja. Shahidi wa pili alipokuja, wa kwanza alifukuzwa kortini.

Mimi niko wiki ya 26. Nikiwa wiki ya 24 nilienda kwa hospitali moja, nikasema tangu jana sijasikia mtoto kama kawaida. Jibu: "Hiyo ni mimba ya kwanza, hujui unachosikia. Lipa picha, urudi kesho kutwa." Ile tarumbeta ya Pinard ilikuwa imelala mezani, kando ya mkono wake. Nilienda pengine. Mama mmoja mtu mzima akanilaza kiubavu, akapapasa, akaweka tarumbeta, akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, yuko, sikiliza mwenyewe." Haikufika dakika tano.

Na si kwamba sayansi haijui thamani ya hayo maneno. Mwaka 2004 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza dawa za kukinga malaria kwa wajawazito zianze baada ya mtoto kuanza kucheza. Kwa watu wa Busia, Siaya, Kwale, mahali malaria haichezi, hiyo ilimaanisha nesi lazima amuulize mama swali la shosho na aamini jibu. Mwaka 2012 wakabadilisha: dawa ianze mapema iwezekanavyo ndani ya trimesta ya pili. Ilikuwa sawa kubadilisha, kwa sababu kungoja kusikia mtoto kulipoteza wiki za kinga. Sawa pia kwa ratiba ya kliniki. Ile ya Waingereza ya mwaka 1929, ambayo dunia nzima ilikuja kuiga, ilimwita mama mara ya kwanza wiki ya 16. Tangu 2016 pendekezo la dunia ni kukutana na mhudumu mara nane, ya kwanza kabla wiki ya 12 iishe, na picha moja kabla ya wiki ya 24. Wengi wetu Kenya bado tunaanza tukiwa mwezi wa tano, tumbo likishajitangaza lenyewe.

Hapo ndipo hiyo "miezi rahisi" inanichekesha. Ni kweli kutapika kunapungua. Lakini damu mwilini inaongezeka, mpaka mwisho wa mimba itakuwa imeongezeka karibu nusu nzima, kwa hivyo fizi zinatoka damu ukipiga mswaki, pua inaziba bila homa, na ukisimama haraka kwa foleni dunia inazunguka. Kano za pembeni zinavutika mpaka ukipiga chafya unashika kinena. Kiungulia kinaingia, mstari mweusi unashuka kutoka kitovuni, sidiria haifungi, na bosi ameanza kuangalia. (Sheria ya ajira ya 2007 inakupa miezi mitatu ya likizo na mshahara wote, ila mwandikie barua mapema, angalau siku saba kabla.) Karibu wiki ya 20 mfuko wa uzazi unafika kitovuni, na kuanzia hapo mkunga mzoefu atakadiria wiki zako kwa mkono ama kwa futi ya fundi nguo: sentimita zinakaribiana na wiki. Mambo haya haya wale wanawake 12 waliyasoma wakiwa wamefunga mlango. Leo ukiyasema kliniki unaambiwa ni kawaida. Labda ni kawaida. Lakini nisikilize kwanza ndiyo uniambie.

Wengi mmeniuliza kama mnafaa kuanza kuhesabu mateke saa hii. Hapana, bado mapema. Madaktari wa Cardiff walileta hesabu ya mateke kumi mwaka 1976, na hiyo ni ya miezi ya mwisho, kuanzia wiki ya 28 hivi mtoto akishakuwa na mpangilio wake. Hata hiyo ina mjadala: utafiti mkubwa wa Uingereza na Ireland uliotoka 2018, wenye mimba zaidi ya 400,000, haukuweza kuonyesha kwamba kuhimiza kina mama wafuatilie mateke, na hospitali kuharakisha kuwashughulikia, kulipunguza watoto kuzaliwa wafu. Haimaanishi ukae nyumbani. Ukiona mtoto amebadilika, nenda siku hiyo hiyo.

Kwa aliye mwezi wa tano na bado kimya: kama kondo la nyuma limekaa upande wa mbele, linakuwa kama mto kati yako na mtoto, utachelewa kumsikia. Lala kiubavu usiku, tulia. Ukimsikia, andika tarehe kwa kitabu chako cha kliniki hata kama hakuna aliyekuuliza. Wiki ya 24 ikifika na hujasikia kitu, usingoje miadi. Nenda, na ukiona tarumbeta imelala mezani, mwambie aichukue.