Akiba Iliyo Chini ya Mchanga

Je, msomaji, umepata kujiuliza maji ya kisima hutoka wapi? Mvua inyeshapo juu ya mchanga, maji mengine hurudi hewani kwa jua, na mengine huzama polepole hata yakajaza nafasi zilizo baina ya chembe. Hiyo ndiyo akiba ya ardhi. Lakini bandu bandu huisha gogo, na watu wa mji wa Amsterdam, katika nchi ya Uholanzi, walijifunza maana ya methali hiyo kwa taabu.

Mji huo una mifereji mingi, walakini maji yake yalikuwa machafu, hayafai kunywa. Watu walikinga maji ya mvua, au walinunua maji yaliyoletwa kwa mashua kutoka mto Vecht. Hata mwaka wa 1853 maji safi yakaanza kuletwa kwa bomba kutoka vilima vya mchanga vilivyo pwani, na ndoo moja ikauzwa kwa senti moja. Mji ukakua, wanywaji wakazidi, na mwisho maji yaliyotekwa yakapita yale yaliyorudishwa na mvua.

Sasa fikiri hatari iliyokuwako. Chini ya vilima vya pwani, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 Badon Ghyben, afisa mhandisi wa jeshi la Uholanzi, alieleza kanuni yake: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita 40 hivi chini ya usawa huo. Basi ukipunguza mita moja juu, chumvi itapanda hatimaye mita 40 kutoka chini!

Mwanzoni mwa karne ya 20, Pennink, mkuu wa idara ya maji ya mji huo, alijaza mchanga katika sanduku, akatia maji, na chini yake akatia maziwa badala ya maji ya chumvi. Alipovuta maji kwa juu, maziwa yalipanda kuelekea kisima. Hata hivyo mji ulikuwa na kiu. Visima virefu vikaendelea kuvuta, na chumvi ikaendelea kupanda.

Dawa ilipatikana mwaka wa 1957. Maji ya mto Rhine yalisafishwa kwanza, yakapelekwa vilimani kwa bomba, yakamwagwa katika mifereji ili yazame mchangani. Hukaa humo miezi miwili mitatu, mchanga ukiyachuja, ndipo yatekwe tena. Hivyo ardhi iliyokuwa ikinyonywa ikawa ghala linalojazwa.

Usidhani, msomaji, ya kwamba habari hii ni ya mbali. Mji wetu wa Lamu hupata maji katika visima vya vilima vya mchanga vya Shela. Kisiwa hakina mto, na bahari imekizunguka pande zote. Mvua ndiyo huijaza akiba ile. Ajengaye juu ya mchanga huo huiziba njia ya mvua, na atekaye kupita kiasi huikaribisha chumvi. Waholanzi walikuwa na Rhine ya kulipa deni lao. Watu wa Lamu watalipa kwa mto gani?